Ukingoni mwa Nishani

Aliileta ndani ya kitambaa, fundo juu ya fundo,
Bi Mwanatumu wa Langoni, mjane wa Lali Mote,
akaiweka kwenye mizani yangu kwa mkono wake
kama anayempima kuku wa jirani.
"Iyeyushe," akasema. "Nataka vikuku vya mjukuu,
na ikibaki chembe, kijiti cha wanja."

Fedha safi. Nilijua kwa mlio wake juu ya jiwe.
Upande mmoja kichwa cha mfalme,
upande wa pili mtu uchi juu ya farasi.
"Huyo ndiye aliyenifanya niifunge
miaka arubaini na moja sandukuni.
Mtu mzima, hana hata shuka,
na farasi wake haoni haya!"

Nikaisimamisha kwa ukingo, kwenye mwanga wa mlango.
Pale, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
namba, kisha jina: FERUZI KOMBO.
Katika jina zima, cha Lali kilikuwa irabu moja,
ile i ya katikati.

Mkono wangu haujawahi kuuliza pete ni ya nani.
Ulimi ndio wenye maradhi.
"Imeandikwaje?" akauliza, macho kwenye makaa.
Nikaitazama tupa. Nikaitazama midomo yake.
"Imeandikwa," nikasema, "Lali..."
"Mwongo." Hakukasirika.
"Marehemu baba yako alinisomea kweli,
papo hapo ulipokaa."

Kisha akavuta kigoda.

"Mudiri alisimama mbele ya Ngome na karatasi,
akaita Feruzi Kombo, wapagazi wanatakiwa.
Baba yake Feruzi alikuwa mtumwa wa baba yake Lali,
hilo unalijua, mji mzima unalijua.
Feruzi yuko nyuma ya pipa la samli, anatetemeka.
Aliyeitika labeka ni Lali.

Wako wasemao alilipwa rupia nane.
Wako wasemao alikimbia deni.
Mimi nimelala naye miaka ishirini na sita,
sikuambiwa, wala sikuacha kuuliza.

Alitoka mpagazi, akarudi askari.
Huko Lindi askari walikwisha,
wapagazi wakapewa bunduki za maiti.
Kwenye gwaride Feruzi, hospitalini Feruzi.
Risasi ya paja iliingia kwa Feruzi,
ikatokea kwa Lali.
Homa ikimshika, nikiita Lali, hageuki.
Nikisema 'Feruzi!'
anasimama wima juu ya kitanda, visigino pamoja,
na kitanda chenyewe cha kamba."

Na Feruzi mwenyewe?

"Miaka minne Kipungani, akisokota kamba za makumbi,
watu wakimwita 'Wewe'.
Aliporudi mjini aligeuka polepole ukimwita,
kama jina limempwaya.
Bahati, kaburini mtu huitwa kwa mama yake.
Majina walibadilishana. Mama, hapana."

Nikapuliza mvukuto. Nikauliza nisichopaswa kuuliza:
huyo mjukuu, wa upande gani?

"Binti yangu na kijana wa Feruzi," akasema.
"Siku ya harusi watu walisusa pilau.
Tulikula sisi na paka, siku tatu.
Lali alikaa mlangoni amevaa kanzu yake,
akimpokea kila mgeni ambaye hakuja."

Nikaitia kalibuni.
Mfalme alitangulia, shavu likalegea kama la mlevi,
kisha farasi, kisha yule asiye na shuka.
Ukingo ulikaidi.
F ikaenda, K ikaenda, namba zikakimbiliana.
"Unaona nini?" akauliza. Yeye macho yake yana ukungu.
Nikamwambia herufi ya mwisho kuondoka ilikuwa i.

Ndivyo nilivyomwambia.
Moshi ulikuwa mwingi.