Tafsiri Iliyoapishwa

Niliapa. Mkono wa kulia juu ya Msahafu,
kiyoyozi kikinipuliza kisogoni, niliapa
kulipokea neno na kulikabidhi neno
kama mtu abebaye kikombe cha kahawa
kutoka meza hii hadi meza ile.
Halikumwagika tone. Andikeni hivyo.

Kituo cha polisi, Ibra, saa nne za usiku.
Upande huu Afisa Muhanna na kalamu yake.
Upande ule Pili Mkumbo wa Singida,
miezi saba nchini, na Kiarabu chake chote
ni maji, sabuni, haraka.
Mimi katikati. Mama yangu kazaliwa Ng'ambo, Unguja;
nilikinyonya Kiswahili kabla sijajua kuwa ni lugha.

Marehemu, Bibi Thuwaiba, simjui.
Yaani namjua kama Ibra nzima inavyojuana:
kwa jina la baba, kwa mlango, kwa deni.
Nyumbani mwake sijatia mguu.

Uliona nini? anauliza afisa.
Pili anajibu, macho kwenye marumaru:
"Nilikuwa naanika. Bibi yuko juu ya ngazi.
Akaja. Wakasemezana kwa sauti ya chini.
Akamshika. Mara bibi yuko chini."

Hapa nisikilizeni, nyie msioijua kazi hii.
Kiswahili hakimuulizi mtu kama ana ndevu au ana hina.
"Akaja", basi, amekuja, karibu.
Kiarabu husimama mlangoni kama bawabu:
huwa, au hiya? Mwanamume, au mwanamke?
Hupiti mpaka uchague.

Nikachagua. Lazima mtu achague.
Huwa, nikasema, na kalamu ikaandika,
na dereva Shafiqul, aliyemleta Pili,
aliyekuwa nje akipangusa kioo cha gari,
akaitwa ndani, kitambaa bado mkononi.

Ningeweza kumuuliza Pili: nani?
Mkalimani haulizi, anatafsiri.
(Si kweli. Tunauliza kila siku.)

Na hilo "akamshika" nalo ni mzigo.
Unamshika mtu asianguke.
Unamshika mtu.
Ngazi yenyewe mbovu, kipandio cha tatu kimemeguka,
ukikikanyaga ni kama jino linalolegea,
na juu pale kuna kioo cha buluu, udi wa juzi,
na saa ya ukutani iliyogoma saa sita kasorobo
tangu mjomba afe.
Mumewe, nataka kusema. Mume wa marehemu.
Nilisimuliwa.

Afisa akanimiminia kahawa.
Nikatikisa kikombe, kwamba nimetosheka.
Akamimina tena.

"Mwambie arudie tangu mwanzo."
Pili akainua uso. Usiku kucha alikuwa akiutazama mdomo wangu;
sasa akanitazama mimi,
kisha vidole vyangu, hina ya Idi
iliyokwisha kuwa rangi ya kutu.
"Aliniambia nikalete maji," akasema polepole.
"Kwa Kiswahili. Kizuri. Cha Unguja."

Kiyoyozi kikakohoa.
"Anasemaje?"

Anasema, nikasema, amechoka.
Anasema anaomba maji.

Na maji yakaletwa, chupa mbili, za baridi.
Mnaona? Alisema maji, na maji yakaja.
Neno halikupotea.

Nalala vizuri tangu siku ile.
Ila mkono huu wa kulia huamka kabla yangu,
hufumba na kufumbua juu ya shuka
kama unatafuta upindo wa nguo ya mtu.
Nauuliza: ulizuia, au ulisukuma?
Unajibu kwa Kiswahili: nilimshika.

Kesi ya Shafiqul ni Jumapili.
Wameshanipigia simu; Pili atasimama tena.
Nimepiga pasi abaya.
Mkalimani wa Kiswahili hapa Ibra
ni mmoja tu.