Nasaba ya Kaniki

Mshike kichwa, usimwogope.
Kipana kama kifuu cha nazi kavu,
mashavu yametuna; ni misuli hiyo,
si ubaya wa moyo.
Masikio yamekunjika nusu, kama pembe za barua,
na Mwakesi amekataa yasikatwe,
ingawa wanunuzi wa Nyali huuliza:
"Mbona hatishi?"

Manyoya mafupi. Pitisha kiganja
kufuata yalikolala, ni hariri; ukirudi, msasa.
Rangi yake kijivu chenye samawati ndani,
kaniki iliyofuliwa mwaka mzima na kuanikwa mwaka mzima,
ndipo nikampa jina.
Kifuani baka jeupe, kadiri ya kisahani cha kahawa.
Mkia mnene shinani, mwembamba nchani;
akifurahi hukucharaza nao ugokoni.
Kimo, magoti yangu. Uzito, nusu gunia la mchele,
ila mchele haukuburuti hadi mtaroni
ukiona paka.

Mimi Bwanakombo. Kazi yangu hii, huku Utange,
nyuma ya ukuta wa Mwakesi:
kufagia, kulisha, kuzalisha.
Kwetu Kuze najua barazani wasemavyo,
mtoto wa kiungwana, kazi ya mbwa.
Nami jioni nakosha mikono mara saba,
moja kwa mchanga, kama tulivyofunzwa chuoni,
na mke wangu huhesabu dirishani
kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Dume lilitoka Malindi kwa gari la kukodi,
pua nyekundu, kifua kama mlango wa duka.
Walifungamana robo saa, mgongo kwa mgongo,
nasi tumesimama tukitazama kando, kama wakwe.
Siku sitini na tatu, nikaziandika ukutani kwa chaki.
Ya sitini na mbili akasusa chakula,
akaparura magunia,
na usiku wakaja, mmoja mmoja,
kila mmoja ndani ya mfuko wake,
naye akiupasua kwa meno yaleyale
ambayo mtaa mzima wayahofu.
Meno hayo! Utadhani mtu anamenya zabibu.
Tisa.
Wa saba hakulia.
Nikamsugua kwa kipande cha kanga, nikampulizia puani,
na hapo sikuhesabu kitu,
si mara saba, si mchanga.
Akapiga chafya.

Wiki ya sita Mwakesi akaleta karatasi.
Muhuri, utepe, mti wa ukoo:
baba, babu, bibi mzaa mama, hadi kizazi cha tano,
nani kamzaa nani, wapi, rangi gani, tarehe gani.
Wa saba, yule wa chafya, ana ukurasa wake mzima.
"Hii yatosha?" nikauliza.
"Yatosha. Huyu hana atakayemuuliza swali."

Famau wangu ana miaka ishirini na miwili.
Mara ya nne sasa amerudi mikono mitupu
kutoka ofisi ya vitambulisho.
Leteni cheti cha babu, wamesema.
Babu yake alizaliwa Kuze, chumba cha uani,
mkunga Mwanasiti, ambaye hakujua kuandika;
kitovu kikazikwa kizingitini.
Kizingiti kipo.
Tukibebe tukipeleke?

Leo mwenye Nyali kaja na kikapu.
Kafunua midomo ya wa saba, kaangalia fizi,
kapima mguu kwa vidole, kauliza,
"Damu yake haina mchanganyiko?"
Nikamwelekeza kwa karatasi.
Akasoma majina yote, taratibu, akiafiki kwa kichwa,
kama kwamba aliwahi kula nao.

Kaniki alizunguka banda mara nyingi,
akanusa pembe, akanusa chaki ukutani,
akaja akanilamba kiganja, chote, hadi kifundoni.

Jioni bombani nilifika ya sita
nikapotewa na hesabu,
maji yakimwagika.
"Bado mmoja," akasema mke wangu dirishani,
kwa sauti, siku hiyo ya kwanza,
na sikujua anahesabu nini.