Nyongo Mkalia Ini

Daktari Ferhunde alichora kwa wino wa buluu
nyuma ya fomu niliyokwisha kusaini:
pande la kulia, kubwa; la kushoto, jembamba kama ulimi.
"Lipo hapa," akanigusa chini ya mbavu,
"limening'inia kwenye kiwambo, linapanda na kushuka
kila ukivuta pumzi. Kilo moja na robo. Halilalamiki."

Halilalamiki. Nikamkumbuka mama.

Damu yote itokayo tumboni hupita lango moja:
akachora mshipa mnene, na mishale ndani yake.
Mkate wa asubuhi, chai, vidonge vya kichwa,
vyote husimamishwa hapo vikakaguliwa
kama malori kwenye mzani wa barabara ya Elazığ.
Sukari ya ziada hufungiwa ghalani kungoja usiku.
Sumu huvunjwavunjwa.
Na kile kinachogandisha damu ukijikata jikoni,
nacho hupikwa humo.

La Bünyamin limeacha kupika.
Macho yake yana rangi ya aprikoti zetu
tunapozianika Julai juu ya paa,
zilezile alizosema si zangu,
mbele ya ami zetu, miaka kumi na mmoja iliyopita:
binti akiolewa harithi mti.
Alinikata maini siku ile.
Kesho ni zamu ya Daktari Ferhunde.

Huku Malatya mama humwita mwanawe "ini langu".
Wetu alikuwa na mawili,
yakagombania mashina arobaini.

"Kuna jambo," daktari akasema. "Kifuko cha nyongo,
hiki cha kijani, kimelikalia ini hapa chini.
Tukikata pande la kulia, lazima tukitoe."
Nikacheka hadi muuguzi akachungulia.
Miaka yote hiyo nimekibeba,
kumbe ni kazi ya nusu saa.

Baada ya miezi mitatu litajaa tena,
langu kwangu, langu kwake.
Nikauliza: litarudi kama ulivyolichora?
Akatikisa kichwa. Uzito hurudi. Umbo, hapana.
Palipokatwa hapaoti;
kilichobaki hunenepa, kikaziba pengo.

Usiku huu namsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta.
Hajasema asante. Sijamwomba.
Ila ametuma, kwa mkono wa muuguzi, mfuko wa karatasi:
aprikoti za jua tupu, nyeusi, zisizotiwa salfa.
Nimekatazwa kula hadi asubuhi.
Nimeuweka juu ya mbavu, upande wa kulia.
Unapanda. Unashuka.