Koti la Makambako

Leo ndoo ya uani ilikuwa na kifuniko
ambacho sikukiweka mimi.
Nimekigonga kwa kata kikapasuka,
nikainua kipande chembamba kama kioo cha kandili,
nikatazama kwacho upande jua linakochelewa.
Ukungu tu. Na jogoo wa Mama Tweve
aliyewika mara moja, akaghairi.

Redio imeniwahi kabla maji hayajachemka.
Bei ya mbolea. Waziri kasema, mwenzake kakanusha.
Basi limeacha njia, majina baadaye.
Familia moja, sikushika vizuri ya wapi,
wamelala na jiko la mkaa, mlango umekomewa;
hapo nimeinuka nikafungua dirisha
ingawa jiko langu liko nje tangu jana.

Halafu habari za ng'ambo:
Ulaya joto linaua.
Wazee wengi, peke yao, ghorofani.
Mito imenywea mpaka yameibuka mawe
yaliyochongwa maandishi miaka ya njaa.

Nikajitazama.
Nimevaa koti lao.

Nililinunua mnadani Makambako, elfu nane,
tukabishana mpaka kijana akasema,
"Chukua, mama, usije ukanimaliza."
Zito, la kijivu, vifungo vinne vya kwao,
cha tano nimekitoa kwenye shati la marehemu Atanasi.
Mfukoni nilikuta tiketi,
ya treni au ya sinema, sijui, herufi zimefutika,
imebaki saa: kumi na tisa na dakika nne.
Saa gani hiyo? Kwetu saa huishia kumi na mbili
zikaanza upya.
Mwenyewe huenda sasa hivi anajipepea kwa gazeti,
nami napuliza vidole ndani ya mikono yake.

Bibi Yustina aliwauzia mayai Wapolishi wa Kidugala,
enzi za vita vya pili.
Wanawake na watoto, alisema,
bunduki na theluji viliwatoa kwao,
wakazungushwa dunia kama unga kwenye chekeche
mpaka wakaangukia hapa.
Asubuhi moja ya Julai kama hii,
sisi tumejifunika hadi puani,
wao wakatoka vichwa wazi, wanacheka.
Mmoja, jina lilimshinda bibi, akamwita Stefa,
aliokota barafu kwenye nyasi, akailamba,
akaketi palepale akalia.
Stefa hakuwa na Kibena.
Bibi hakuwa na lugha yake.
Akampa yai, bure.

Kila aliposimulia aliishia hapo,
penye yai. Nikimuuliza, "Ikawaje?"
ananiambia kaangalie maharage.
Baadhi yao hawakurudi, misalaba yao iko Kidugala
na jalidi huishukia bila kuuliza kabila.

Saa tatu ukungu umepanda.
Nimeshuka shambani. Miche ya parachichi
imekuwa myeusi ncha zote, majani yamejikunja
kama karatasi iliyopita karibu na moto.
Sisi husema baridi imeunguza.
Mwanangu wa Dar hucheka neno hilo,
aje aguse.

Nikampigia Eliudi Mgaya, ng'ambo ya bonde.
"Mingapi kwako?"
"Kumi na saba. Kwako?"
"Sita. Wa saba sielewi, shina bado kijani."
"Usiukate mpaka mvua," akasema, kisha akakohoa sana,
nami nikasubiri amalize kukohoa
kwa sababu hayo nayo ni maongezi.

Taarifa ya saa saba haikuitaja hiyo kumi na saba.
Wametaja joto tena, idadi imepanda.
Nikawahesabu kidogo kwa vidole, wale wa ghorofani,
nikaacha, vidole si vingi.

Jioni mbingu imetakata, bila wingu hata la kuazima.
Kila mtu hapa anajua maana yake.
Nimetoa tiketi nikaiweka kwenye Biblia,
nimeteremka na koti mkononi
nikauvalisha mche wa saba,
nikafunga vifungo vyote vitano.

Kitenge kipo. Nitaona.