Koti la Kongowea

Nimelinunua Kongowea, shilingi mia nane,
baada ya kubishana hadi muuzaji akaapa kwa macho ya mamake:
koti zito, manyoya ya bata ndani,
na jua la Machi limenikalia utosini.
"Vipi kaka, wahamia kwa friji?"
Nikamwambia naenda Montana, milimani, kuwinda.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa nimeposa mamba.

Kuwinda nini? Hapo ndipo ulimi hukwama.
Mnyama wa shemeji yangu hana jina kwetu.
Si kulungu; kulungu angepita chini ya tumbo lake.
Si pofu, wala kuro, wala kongoni.
Pembe zake huota kila mwaka, zikakomaa, zikaanguka.
"Kama majani?" Mama akauliza.
Kama majani, Mama.
"Basi huyo ni mti," akasema,
akarudi kwenye nazi yake.

Shemeji yeye humwita Laili,
jina lenyewe limemshinda.
Laili ametuma ujumbe: mwezi wa tisa si mbali,
zoea ngazi, zoea mzigo, zoea kimya.

Ngazi ninazo.
Ghorofa tisa pale Tudor, lifti ilikufa mwaka juzi.
Baada ya Magharibi napanda na mchele mgongoni, kilo ishirini,
watoto wa ghorofa ya nne wakinihesabia hatua kwa kelele.
Bi Mwanatumu wa ya sita akadhani nachuuza.
Juzi alinikaba kwa bei, nikampimia kilo mbili.
Tangu hapo mlima wangu umepungua.

Kimya ndicho sina.
Mji huu hauna kimya cha kumwazima mtu:
jenereta la kinyozi, honi za tuktuk,
jirani akigombana na redio yake hadi saa sita,
na ikizimwa, akigombana na mkewe.

Na bunduki sijapata kuishika.
Hapa kwetu hata swara ana serikali.
Basi nalala kifudifudi juu ya dari, ufagio begani,
nalilenga tangi la maji la jirani,
natoa pumzi nusu, nabana iliyobaki.
Ustadh Fumo alinionya: jina la Mungu hutajwa unapofyatua,
si baadaye ukikumbuka.
"Risasi ikitoka bila jina, umeua tu."
Hivyo kila alasiri tangi lile husomewa bismillahi,
na mpaka leo halijavuja.

Ijumaa nilikwenda Markiti kwa Swabiri muuza nyama,
anifunze kumfungua mnyama bila shoka,
maana huko hakuna gari litakalomfuata,
mtu humshusha mgongoni, paja kwa paja.
Akanishika mkono, mkono wangu na kisu pamoja.
"Usivunje. Hapa paja linapoagana na nyonga pana mlango.
Bisha hodi."
Nikabisha. Ukafunguka.
Kisha, akifuta meza, bila kunitazama:
"Mbuzi huyu alilishwa. Maganda, lakini alilishwa.
Huyo wako hujampa hata jani.
Akudai nini, au wewe wamdai nini?"
Nilinawa mikono mara mbili.
Jibu sikuwa nalo, na nauli nimeshalipa.

Usiku huu sanduku liko wazi kitandani.
Mama ametia bizari ya pilau ndani ya soksi za sufu,
akafunga fundo, akafunga jingine.
Nalijaribu koti mara ya mwisho, feni ikizunguka bure,
na mfukoni, chini kabisa, penye uzi uliofumuka,
vidole vinakuta vijiti vyembamba, vikavu, kama sindano.
"Mvinje," asema Mama.
Sio mvinje. Navinusa.
Harufu kali, baridi, ya mahali nisipopajua,
na koti hili lapajua.
Lilishapanda na mtu, likalala naye chini, likangoja.
Sijui kama walirudi na nyama.

Navirudisha mfukoni, vyote,
hata kile kilichovunjika.
Jasho lanitiririka hadi kwenye viatu.
Sijalivua.