Rozi wa Nkuhungu

Mama Shekalage, karani wa wizara,
alipoifuata serikali huku kwetu kutoka pwani
alishusha kabati, godoro, majiko mawili,
na kopo la rangi lenye mche wa kwao Lushoto.
Kesho yake akanipitishia kitawi juu ya ua wa minyaa:
"Chomeka tu. Usimhurumie kwa maji."
Nikacheka. Nani hapa ana maji ya kumhurumia mtu?
Bomba letu hukohoa Jumanne, usiku wa manane.

Kikashika. Vumbi lilipiga, upepo wa Julai ukapiga,
mchicha wangu ukalala chali, chenyewe kimesimama,
jani jembamba kama sindano ya kushonea gunia,
juu kijani, chini jeupe
kama kisigino cha mtu aliyetoka kupalilia karanga.

Nilisema: rozimari.
Mama mkwe, Sechelela wa Mvumi, akasikia Rozi Maria.
"Binti wa nani huyo?"
Tangu hapo tuna mgeni. Asubuhi anatoka na fimbo yake:
"Mbukwa, Rozi! Umelalaje?"
Nasi tunanyamaza kidogo, kama anayengoja kujibiwa.

Rozi anakula kwa jasho lake.
Jumamosi, mnada wa Msalato, Chilewa mchoma nyama
huchukua mafungu matatu, anayalaza juu ya mbavu za mbuzi,
na moshi unawaita watu kabla yeye hajaita.
Nyemo humchemsha, humpoza, hujisuuzia kichwa:
anasema nywele zimeacha kukatika.
Mimi nimeona mba imepungua, na mto unanukia.
Ndani ya chupa ya alizeti, wiki mbili dirishani,
anageuka mafuta ya magoti ya Ndahani
aliyebeba makreti ya zabibu miaka kumi na tisa.
Namkanda. Anafumba macho.
Kama ni jani au ni viganja vyangu, sijamuuliza.

Maharage yakigoma tumboni, kikombe chepesi.
Kwenye kabati, kati ya vitenge, dhidi ya nondo.
Kwenye makaa jioni: mbu hawafi,
wanasita tu, kama wadeni mlangoni.

Lakini sikumfanya mganga.
Jirani mwenye mimba aliomba birika zima, nikamnyima;
kwenye mchuzi sawa, birika hapana.
Na mzee wa presha nilimwambia waziwazi:
kunywa, unukie, ila vidonge vya zahanati usiviache.

Mwaka huu Sechelela ameanza kupungua.
Ananiita kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani.
Anatafuta ufunguo wa tembe
lililobomolewa tulipohamishiwa vijijini,
tembe ambalo, Ndahani anasema, halikuwa na kufuli.
Juzi alikaa na kijiko mkononi
akakitazama kama barua ya lugha nyingine.

Wanasema jani hili huamsha kumbukumbu.
Wanasema mengi.
Nilivunja kitawi, nikakifikicha mpaka viganja vikanata,
nikamsogezea puani, nikangoja jina langu.
Nilingoja sana. Jogoo alipita, akarudi.

"Rozi," akasema.
Akavuta tena pumzi, ndefu, mpaka mabega yakapanda.
"Rozi leo kanyeshewa?"

Mvua tuliiona mara ya mwisho Aprili.
Nikasema, "Bado, mama."
"Basi mnamwua mtoto wa watu."

Nikaenda kwenye ndoo ya Jumanne,
ile ya kupikia, iliyobaki robo,
nikachota kikombe kimoja, nikamwagia shinani polepole
huku yeye akisimamia kwa fimbo.
Mama Shekalage akachungulia juu ya minyaa:
"Utamwozesha mizizi!"
Hafi mtu kwa kikombe kimoja, nikamwambia.
Ardhi ilikunywa kabla sijamaliza kusema.