Subiri Kuku Aangue

Ndugu yangu wa Kibaha amepiga simu mara tatu:
"Uza. Wa chuma chakavu wanapima kwa kilo."
Nikamwambia bodi ni alumini, haishiki kutu,
kutu imekaa chini, kwenye chesisi,
mnunuzi asikoinamia.
Akacheka. Alidhani nasema habari za ukoo.

Banda lenyewe ni mabati sita na nguzo za mkungugu.
Upepo wa Agosti hapa Mpwapwa haupigi hodi,
unamwaga vumbi juu ya grisi mbichi,
na mimi, Mbeleje binti Chilongani, mwalimu wa hisabati,
nimelala chali chini ya Landrova ya marehemu baba,
tochi mdomoni kama mwizi.

Nati ya kwanza ilitoka kwa mafuta ya taa.
Ya pili kwa mafuta ya taa na nyundo.
Ya tatu kwa moto: Sogoda wa kuchomelea alinidai elfu tano.
Ya nne ilikatika kichwa,
kiwiliwili kimo mle ndani hadi leo,
na sitaki kuulizwa.

Napiga msasa mpaka kucha zinaisha.
Chini ya kijani pana kijivu,
chini ya kijivu, herufi nyeupe: IDARA YA MI
kisha alumini tupu.

Kiti cha dereva kina mwenyewe.
Kuku wa Mama Ndahani, mweusi, kishingo,
anaatamia mayai kumi na moja kwenye sponji iliyochomoza.
Nilimnyanyua mara moja. Mara moja tu;
alama ninayo kifundoni.
Basi kiti kitangoja siku ishirini na moja,
usukani utangoja, pedali zitangoja,
na kila nikipita na spana
ananitazama kwa jicho moja kama trafiki.

Nyuma ya dashibodi, kwenye kiota cha panya,
nimekuta daftari.
Mwandiko wa baba umeinama mbele
kama mtu anayepanda mlima na mzigo:
*Kibakwe, ng'ombe 212. Pancha mbili.*
*Wotta, ng'ombe 90. Nimepewa mbuzi, nimekataa.*
Kisha ukurasa wenye mawimbi ya maji yaliyokauka:
*Gulwe. Mto umejaa. Barafu imekwisha. Nimerudi.*

Hakuna idadi.
Kurasa zinazofuata ni nyeupe.
Mwaka ule baba aliacha kunywa maziwa,
sisi tukadhani ni tumbo.
Wale ng'ombe wa ng'ambo ya Kinyasungwe
siwezi kuwahesabu,
na hesabu ndiyo kazi yangu.

Karibu na springi ya nyuma, kushoto,
chesisi ina kovu la kuchomelea,
bonge baya, kama ugali uliomwagika ukagandia mafiga.
Sogoda akalipapasa. "Aliyefanya hii hakuwa fundi."
Najua.
"Tusage, tupige upya?"
Nikamwuliza kama linashika.
Akaligonga kwa nyundo, akategesha sikio.
Linashika.
Acha.

Jana, Jumapili, radieta ilikunywa dumu langu la kufulia,
na bomba letu hutoka Jumanne.
Sogoda akapitisha mkono dirishani kuvuta choki,
mbali na mdomo wa kuku.
Nikazungusha hendeli. Ikanipiga kiwiko.
Nikazungusha. Ikakohoa.
Nikaitukana kwa Kigogo, lugha ya baba, nikazungusha tena,
ikawaka!
moshi mweusi, mabati yakicheza, spana zikiruka mezani,
Mama Ndahani akapiga kelele kutoka uani kwake
ya furaha au ya kuku wake, sikujua,
kisha ikazima.

"Kabureta," alisema Sogoda.
"Au petroli. Au vyote."

Kuku hakuwa amenyanyuka.
Nikasogeza vidole chini ya kifua chake, taratibu,
safari hii aliniacha.
Kumi na moja. Yote ya moto.
Zimebaki siku tisa,
nami leo nina vipindi vitano, na mikono hii haitakati.